Betri Chumbani kwa Mama Mkwe

3 Desemba

Mvua imenyesha Mkiwa, huku Itigi bado. Watu wamepanda alizeti kwenye vumbi hivyo hivyo. Mimi nina asali ya kuchuja, sijashika jembe.

Paschal amerudi leo kutoka Dodoma na pikipiki ya umeme. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, Simeoni, na tangu Simeoni afariki tunakaa nyumba moja: mimi chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uani, yeye chumba cha kati, na mama yao, Bibi Elizabeti, chumba cha mbele. Mimi na Paschal hatupendani. Naandika hivyo ili nisijidanganye mwenyewe. Anakula chakula changu, anaoga maji yangu, halafu akiwa kijiweni anasema shemeji yake ana mdomo. Ninao, na anaujua.

Pikipiki haina sauti. Aliingia nayo uani nikiwa nimeinama na ndoo ya asali, nusura niimwage. Akacheka. "Shemeji, dunia mpya hiyo." Nikamwambia dunia mpya ijifunze kupiga honi.

5 Desemba

Kumbe betri inachomolewa. Ni nzito kama debe la mahindi. Jana jioni Paschal aliibeba, akaiweka juu ya kigoda kati ya kitanda cha mama na mlango, akaichomeka kwenye soketi ya humo humo. Nikamuuliza kwa nini iwe kwa mama. "Mama halali, shemeji. Atailinda. Nikiiweka uani wataiiba, na mimi nikilala nimelala."

Hapo hakusema uongo. Mama miguu imemshinda, hatoki kitandani bila kushikwa, na usiku kucha yuko macho anasali rozari. Kukaa bure kunamuuma kuliko hiyo miguu. Sasa amepewa kazi. Leo asubuhi nilimwamkia shikamoo, akanyoosha mkono kunizuia mlangoni. "Punguza kishindo. Betri inachaji."

Shikamoo yangu hakuiitikia.

12 Desemba

Mwanangu Redempta amepiga simu. Yuko zimamoto, Singida mjini. Nilipomtajia pikipiki aliniuliza inachajiwa wapi, na nilipomjibu akasema, "Mama, hapana."

Pikipiki zenyewe si mbaya, anasema, wala haziwaki ovyo kama watu wanavyovumisha. Kibaya ni betri iliyoumia. Ikigongwa sana, ikiingia maji, au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kupata joto ndani kwa ndani, na joto hilo likishaanza hulisimamishi. Moshi wake ni sumu. Ukizima, inaweza kuwaka tena. Kwa hiyo ichajiwe mahali pa wazi, mchana, karibu na mtu anayeweza kukimbia. Isiwe chumba cha kulala, wala isikae kwenye njia ya kutokea.

Mama yuko macho kweli, ila hakimbii. Na kigoda kiko mlangoni.

Nilimfikishia Paschal maneno hayo wakati wa chakula. Akatafuna kwanza. "Redempta anazima moto wa mapori. Betri kaijulia wapi?" Kisha akaongeza, "Sema tu unakitaka chumba."

Hapo ndipo penyewe. Chumba cha mbele kinatazama barabara, na mwaka juzi nilisema mbele za watu kwamba kingefaa kuwa duka la asali. Nilisema, na bado naona kingefaa. Tangu siku hiyo nikimwambia mama afungue dirisha apate hewa, yeye anasikia nimemwambia ahame.

25 Desemba

Krismasi. Nilichinja jogoo. Mama alisema ni mgumu, akala mapaja yote mawili.

2 Januari

Mvua.

3 Januari

Mvua. Umeme umekatika, betri haikuchajiwa. Nimelala vizuri kuliko siku zote.

9 Januari

Jana Paschal alimpeleka abiria upande wa Kilimatinde. Wakati wa kurudi akakuta korongo limejaa. Wenzake wenye pikipiki za mafuta walisimama wakasubiri maji yapungue. Yeye akasema yake haina injini ya kuingiza maji, akaingia. Maji yakamtoa kwenye kiti. Aliokolewa na wachunga ng'ombe, pikipiki ikalala humo mpaka leo asubuhi, ilipotolewa kwa kamba.

Amefika nyumbani na matope mpaka masikioni, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona sasa yamekwisha, betri imekufa, tutapumua. Nikamchotea maji ya kuoga bila hata kumsema.

Kisha nikasikia sauti ya mama kutoka dirishani. "Ianikeni."

Mama ni mtu wa mawe ya redio, zile betri ndogo. Ujana wake wote, redio ikianza kukoroma, mawe yalitolewa yakaanikwa juu ya bati, na jioni redio ilisema tena. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi, sote huku tumefanya. Paschal akatandika gunia juu ya paa la jiko, akapanda nayo betri, akailaza juani ubavu mmoja kama mtu anayekausha mihogo.

Nilimpigia Redempta. Alinifokea, nami sikumkatiza. Haya si mawe ya redio, alisema. Maji yaliyoingia humo yanaendelea na kazi yao taratibu, hata nje ikikauka. Inaweza kukaa siku nyingi kimya kisha ikawaka. Itolewe, iwekwe mbali na nyumba, pasipo majani wala watu, isichomekwe kabisa mpaka fundi wa betri aifungue. "Na juani isikae, mama. Mnaipika."

Nikapanda ngazi kwenda kuishusha. Paschal akanishika mguu. Sijui ningemwambiaje mtu akaamini, mwanamke wa umri wangu kwenye ngazi, shemeji yake kamning'inia mguuni. Manase, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alisimama na jembe begani akituangalia. Mama alikuwa anapiga kelele dirishani: "Anataka kumharibia mwenzake kazi! Manase, shuhudia!"

Nilishuka. Betri ilibaki juu.

14 Januari

Jua kali. Betri inaanikwa. Kila jioni inageuzwa.

16 Januari

Imewaka. Yaani pikipiki imewaka taa na imetembea. Paschal ameizungusha uani, kisha nje, kisha mpaka stesheni na kurudi, na kila aliyekutana naye ameambiwa habari ya shemeji aliyetaka itupwe porini. Aliporudi alisimama mlangoni pa jiko. "Mwambie askari wako wa zimamoto mama yangu kamshinda elimu."

Nikachochea kuni. Hilo la elimu limeniuma kuliko yote.

17 Januari

Betri imerudi kwenye kigoda.

28 Januari

Chumbani kwa mama kuna harufu. Ni tamu, kama rangi ya kucha. Nilipotaja, mama alisema ni asali yangu imechacha. Niligusa betri wakati haijachomekwa, ilikuwa vuguvugu. Na ubavu mmoja umetuna. Asubuhi haikutaka kuingia mahali pake kwenye pikipiki, Paschal akaisukuma kwa goti mpaka ikaingia.

Redempta alitaka kujua kila kitu: harufu, joto, kutuna. Baadaye akasema, kwa sauti ya kazini kwake ambayo siipendi, "Mama, mtoe bibi chumba hicho. Mengine yaache, nyumba iache, mtoe bibi."

29 Januari

Nimejaribu kwa uzuri. Nilimsubiri Paschal ashibe. Nikamwita "baba," jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa kaka yake. Nikamwambia mimi sitaki chumba, na kama anataka nitaapa kanisani. Aiweke betri kibandani kwa kuku, mimi nitalala nje niilinde.

Alinitazama kama vile namuuzia kitu kibovu. "Wewe, shemeji? Ulale nje kwa ajili yangu?" Akacheka mpaka akapaliwa. Kusema kweli, ningekuwa yeye ningecheka pia.

Nikaenda kwa mama. Nikamwambia, "Mama, hicho kitu kitakuua." Akajibu, "Ndiyo unachokiomba." Nikaondoka kabla sijamjibu ninachokiomba.

1 Februari

Nimewaza kutwa nikichuja asali. Mama hajawahi kukubali kitu ninachomtakia. Lakini hakuna kitu ninachomnyima asichokitaka. Nikinunua kitenge anataka hicho hicho. Nikisema sinywi uji leo anauliza uji uko wapi. Miaka yote nimeliona hilo kama mateso. Leo nimeliona kama mpini wa kumshikia.

3 Februari

Leo alikuja mke wa Manase kununua asali. Nilimkalisha barazani, chini ya dirisha la mama, nikaongea kwa sauti. Nikasema katika nyumba hii nina kitu kimoja tu changu, chumba cha nyuma, alichonijengea Simeoni kwa mikono yake, chenye sementi ya kung'aa na mlango wake. Humo hatalala mtu mwingine nikiwa hai. "Hata mama mkwe nisingempa. Atalala huko huko mbele, panamtosha."

Dirishani sala ya rozari ikakatika. Mke wa Manase aliniangalia vibaya, akasahau chenji yake.

4 Februari

Mama amekataa chai. Nikampelekea ya pili, akaikataa pia. Jioni akamwita Paschal, na wakati huo mimi nilikuwa nasikiliza ukutani bila aibu. "Chumba kile alikijenga mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Nahamia huko."

Paschal alimbembeleza. Akamuuliza na betri je? Chumba changu hakina soketi, kina taa tu, hilo nililijua. Mama akasema betri ifungiwe kwa kufuli, yeye kazi ya ulinzi ameacha, ana haki ya kudai.

5 Februari

Nimepigana. Nililazimika, maana ningeachia haraka angeshtuka akaniuliza kulikoni. Nikasema haiwezekani. Nikasema nitakwenda kwa paroko. Nikabamiza milango. Mama akawa na nguvu ambazo sijaziona tangu mavuno yaliyopita. Alinitaja mimi, mama yangu, na kijiji nilikotoka, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kigogo. Katikati ya hayo nikasikia kwamba yapo maneno amekuwa akiyatunza kwa ajili yangu tangu harusi. Mengine yalikuwa ya kweli. Machozi yaliyonitoka sikuyapanga.

Jioni Paschal alimbeba mgongoni akamhamisha. Nilichukua mkeka nikalala stoo, kati ya ndoo za asali. Nilimsikia mama ukutani anaimba.

6 Februari

Betri ipo chumba cha mbele peke yake, imefungiwa kwa kufuli. Paschal alitaka kulala nayo. Nikamwambia akilala humo mimi nitahamia chumba chake, sina pa kwenda. Akabaki kwake.

13 Februari

Mvua. Mama anasema chumba changu kina siafu.

19 Februari

Leo imewaka. Nataka niandike kabla watu hawajaanza kuniambia ilikuwaje.

Jua lilikuwa linazama. Paschal alikuwa ameichomeka, akafunga kufuli, akaenda dukani. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia mlio kama soda inayofunguliwa polepole, halafu mpasuko, halafu mipasuko mingi kama mahindi kikaangoni. Chini ya mlango wa mbele moshi mweupe ukawa unatoka, mzito, unatambaa sakafuni.

Nilizunguka nje nikaingia kwa mlango wa uani. Mama alikuwa ameketi na rozari. Nikamgeuzia mgongo. "Panda." Akauliza kwenda wapi. Sikumjibu, nikamvuta mikono shingoni kwangu nikasimama naye. Akaanza kunipiga mabegani. "Ndiyo umekuja kunitoa! Umeshindwa kwa maneno sasa unatumia nguvu!" Nikavuka uani, nikavuka barabara, matope yakanivua kiatu, na muda wote ananipiga. Ni mwepesi. Sikujua kama amekuwa mwepesi hivyo.

Nikamketisha kwa Manase, upande ambao upepo haukuleta moshi, nikarudi kushusha swichi kubwa ukutani nje. Paschal alikuwa amefika. Ana ufunguo mkononi, anakwenda mlangoni. Nikamshika mkanda wa suruali.

"Niache, betri yangu!"

"Iache."

"Naichomoa tu!"

Akanisukuma nikaanguka kwenye matope. Sikuachia mkanda, kwa hiyo akaanguka nami. Tulikuwa bado chini pale dirisha lilipopasuka. Moto ulitoka nalo kwa nguvu, umelala kama unasukumwa kutoka ndani, na nyuma yake tukaona kitanda cha mama. Tulikuwa tumekiacha humo. Godoro lilikuwa limekwisha, vyuma vyenyewe vilikuwa vinang'aa.

Paschal akakaa kwenye matope. Akasema, "Mama."

Nikamwambia, "Yuko kwa Manase, anatutukana."

Manase na watu walileta mchanga. Redempta kwenye simu alisema mchanga hauipozi, waachane nao. Maji, maji mengi, wasimame mbali na upepo uwe mgongoni, mtu asiingie, mtu asivute moshi. Tuliyatumia maji yote ya tenki, ya mvua ya msimu mzima. Chumba cha mbele hakina paa. Vingine vimesimama.

20 Februari

Asubuhi Paschal aligusa majivu kwa jembe, betri ikafuka tena na kutoa mwali. Maji tena. Baadaye tuliikokota kwa reki yenye mpini mrefu mpaka kiwanjani, mbali na kila kitu, na Manase akazungushia miiba ili wapita njia wasisogee.

Mchana, tukiwa tunaondoa bati zilizoungua, Paschal aliniuliza bila kunitazama, "Shemeji, kile chumba ulikusudia kushindwa?"

Nikamwambia kamata huku, bati linakata.

27 Februari

Mama anawasimulia wote wanaokuja kutoa pole. Kwamba Mungu alimpa nguvu akaninyang'anya chumba, la sivyo angeungua. Kwamba mimi nilisema kwa mdomo wangu alale huko huko mbele, panamtosha. Na mke wa Manase ni shahidi, alisikia. Mke wa Manase anaitikia. Kisimani leo wanawake walinipisha zamu, na haikuwa kwa heshima.

2 Machi

Jumuiya ya kanisa ilisali kwetu, uani, kwa kuwa chumba cha mbele hakipo. Baada ya sala mama akaomba kutoa ushuhuda. Akausimulia wote. Alipofika kwenye "huyu hapa alitaka nifie kule," watu wakaangalia chini, na mimi nikaangalia sufuria ya chai.

Paschal akasimama. Sijawahi kumwona amesimama jumuiyani, huwa anasali amekaa karibu na geti. "Mama, betri niliizamisha mimi. Nikaianika mimi. Shemeji akapanda kuishusha, nikamvuta mguu. Nikaichomeka pembeni ya kitanda chako mwenyewe, imetuna, naiona." Akaninyooshea kidole. "Aligombana nawe juu ya kile chumba ili utoke. Ungeambiwa kwa uzuri usingetoka."

Mama alikaa akizungusha punje za rozari. Nilidhani atalia. Nilijiandaa hata kumsamehe, kanga ya kumfutia machozi ninayo.

Akasema, "Kwa hiyo mlijua wote wawili. Mkaniacha nilale na kitu hicho."

"Nilikuambia, mama," nikasema.

"Hukuniambia vizuri."

Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu unaojulikana Itigi nzima. Nikakumbuka nilivyosimama mlangoni kwake siku ile ya kumwambia kitamuua, mikono kiunoni, na sauti niliyotumia. Nikaufunga.

"Na chumba sikirudishi," akasema mama. Jumuiya ikamalizia kwa Salamu Maria.

5 Machi

Mvua inaisha. Paschal ameanza kufyatua matofali ya chumba cha mbele. Hapelekewi tena chakula barazani, anakula jikoni, anaosha sahani yake. Bado simpendi sana.

Asubuhi nilimwamkia mama shikamoo. "Marahaba," akasema, kisha akaanza: kitanda changu kigumu, paa langu linavuja, niliolewa bila kujua kupika na sijajifunza. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsikiliza mpaka mwisho. Chai ikapoa mikononi mwangu, nikaenda kumpashia nyingine.